Nilichokikuta, Nisichokikuta: Mkristo Mbele ya Vitabu

Hotuba iliyotolewa Jumamosi alasiri mbele ya vijana na wazazi wa kanisa letu, komine ya Katuba, Lubumbashi. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale walioikosa.

Bwana asifiwe! Asifiwe tena!

Papa mchungaji, wazee wa kanisa, mama zetu wa kwaya, na ninyi vijana mliokubali kukaa hapa Jumamosi wakati wenzenu wako uwanjani, asanteni. Wale wenye waya wa telefone sikioni wanaofuata mpira wa Mazembe, Mungu awasamehe. Mimi nimeshawasamehe.

Niliombwa niseme juu ya vitabu vya imani, vya falsafa na vya mafanikio. Kabla ya kuandika neno lolote, niliwaomba vijana wa kamati waniletee orodha ya vitabu vinavyozunguka kati yenu, vya karatasi na vile vinavyotumwa kwa telefone. Waliniletea. Nikaisoma juu mpaka chini, nikaisoma tena. Namna ya kutajirika. Namna ya kuwa kiongozi. Namna ya kusema mbele ya watu. Namna ya kupata bwana mwema, namna ya kumtunza bibi. Tabia za watu waliofaulu. Vingine vimeandikwa na Wamarekani, vingine na wachungaji wa Nigeria, vingine na wachungaji wa mji huu huu. Vya falsafa havikuwapo. Na vya imani? Vilikuwapo vile ambavyo imani ndani yake ni ufunguo wa kufungulia pesa.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba vitabu vya mafanikio ni vya shetani. Nimevisoma, na vingine vilinifaa. Ninachosema ni kwamba sisi tumeanza kusoma kutoka mkia. Tumeanza na swali la "nitafanikiwaje?" kabla ya kujiuliza "mimi ni wa nani?" na kabla ya kujifunza kuuliza maswali yoyote. Msomaji wa namna hiyo, kitabu chochote kinaweza kumbeba kinakotaka.

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mnamjua mtu huyu. Ni Mwafrika, towashi, ofisa wa Kandake malkia wa Kushi, "aliyewekwa juu ya hazina yake yote". Sikieni vizuri: hazina yote! Kwa lugha ya orodha yenu, huyu amekwisha kufika. Ana cheo, ana gari lake, ana mtu wa kumwendesha. Na anafanya nini ndani ya gari? Anasoma. Anasoma kwa sauti, mpaka Filipo anamsikia akiwa bado njiani. Filipo anamwuliza: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Naye anajibu: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?"

Ni nani kati yetu, mwenye diplome yake na koti lake, angejibu hivyo? Sisi tungesema: ndiyo, ndiyo, nimeelewa, endelea na safari yako. Mkubwa wa hazina anakiri kwamba hajaelewa, tena anamwomba mtu wa barabarani apande akae pamoja naye. Na alikuwa anasoma nini? Isaya 53. Mtumishi anayedharauliwa, kondoo anayepelekwa machinjoni. Mtu wa pesa anasoma habari za mtu aliyepoteza vyote, na hapo ndipo anapokutana na Yesu.

Sasa nilete mfano wa karibu. Yeremia 29:11. Mnaijua kwa moyo. Iko kwenye kalenda, iko nyuma ya taksibusi, iko kwenye picha mnazotumiana asubuhi. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Amina? Amina. Na aya ya 10 inasema nini?

Mnaona? Kimya.

Aya ya 10 inasema Bwana atawajilia watu wake baada ya miaka 70 kutimia Babeli. Miaka 70! Ile ni barua. Yeremia aliwaandikia mateka, waliobebwa kwa nguvu na Nebukadreza, waliokuwa wanadanganywa na manabii kwamba watarudi nyumbani upesi. Katika aya ya 5 mpaka ya 7 anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji ule wa adui na kuuombea. Siku tuliposoma barua hiyo yote katika mafunzo, mama mmoja wa makamo aliinua mkono, akauliza: "Basi ahadi hii, mwalimu, ni ya wajukuu wangu?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema: "Sawa. Basi nipande miembe." Nimesikia mahubiri mengi juu ya aya ile, na sijasikia aliyeielewa kumpita mama yule.

Na mnajua ni nani aliyesoma maandiko ya Yeremia kwa bidii? Danieli. Sura ya 9 ya kitabu chake inasema alivisoma vitabu akafahamu hesabu ya ile miaka 70. Ni Danieli yule yule ambaye, kijana bado, alifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Alijifunza vitabu vya wageni, hakuvikimbia. Lakini alikuwa na kitabu cha kwao cha kupimia.

Hapa nafika kwenye falsafa, na najua baadhi ya wazee wataanza kujipanga vizuri kwenye viti. Wakolosai 2:8, sivyo? Angalieni mtu asiwafanye mateka kwa elimu yake ya bure ya madanganyo. Ni kweli. Paulo aliandika hivyo. Lakini Paulo huyo huyo, katika Matendo 17, anasimama Athene mbele ya wanafalsafa Waepikureo na Wastoiko, na anapotafuta maneno ya kuwafikia anachukua shairi la kwao: "Maana sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo yamo katika shairi la Arato, mtu wa Kilikia, jimbo alikotoka Paulo mwenyewe. Mtu hawezi kunukuu kitabu ambacho hakukijua! Paulo alikuwa na mambo ya wapagani kichwani, tena tayari kwa matumizi, na hakufanywa mateka. Kwa nini hakufanywa mateka?

Jibu nimelikuta kwa Mwafrika mwingine. Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo uko Aljeria. Akiwa mwanafunzi wa miaka karibu 19 alisoma kitabu cha Cicero, Mrumi na mpagani, kilichomsifu mwenye kutafuta hekima. Kitabu hicho kilimwasha. Akaifungua Biblia, na je, aliipenda? Hapana! Aliiona imeandikwa kienyeji mno mbele ya lugha ya Cicero. Akaenda kwa Wamani, wafuasi wa dini ya mtu aliyeitwa Mani, akakaa nao miaka 9 hivi. Baadaye, akiwa Milano, alisoma vitabu vya wafuasi wa Plato, mwanafalsafa wa Wayunani, na mwaka 386, katika bustani ya mji huo, akafungua waraka kwa Warumi, akaongoka. Alikufa mwaka 430, askofu wa Hippo, mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali.

Lakini nataka mshike jambo moja tu la maisha yake. Katika Maungamo, habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, kitabu cha 7, akiwa tayari askofu anayekumbuka safari yake, anaeleza alichokiona kwa wale wafuasi wa Plato. Anasema: humo nilikuta, kwa maneno mengine, kwamba hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu. Nilikikuta! Lakini kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, hilo sikulikuta humo. Anaendelea hivyo hivyo: hili nilikuta, hili sikukuta. Hili limo, hili halimo.

Hana matusi kwa vitabu vile, wala hapigi magoti mbele yake. Ana safu mbili: nilichokikuta, nisichokikuta. Ndugu, mkisahau yote niliyosema leo, hizi safu mbili msizisahau. Na mwulizeni Agostino: uliwezaje kuona ambacho hakimo? Kilichomo, kila mwenye macho anakiona. Ambacho hakimo anakiona tu yule anayejua kilichopaswa kuwamo. Ndiyo sababu nasema imani itangulie.

Tulete safu hizo nyumbani. Mwaka 1945, hapa mjini, ukiitwa bado Élisabethville, kilichapishwa kwa Kifaransa kitabu cha mupe, yaani padri, mmoja Mbelgiji, Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi kati ya Baluba wa Katanga. Kitabu cha falsafa ya Kibantu. Wanafalsafa wa Ulaya na wa Afrika wamegombana juu yake mpaka leo, na kilitoka kwetu! Askofu de Hemptinne, aliyekuwa mkubwa wa Kanisa Katoliki hapa Katanga, alikipinga. Tempels alisema kwamba kwa Mbantu, kuwapo ni kuwa na nguvu. Na nguvu ya mtu huongezeka au hupungua kwa jinsi anavyoungana na Mungu, na waliomtangulia, na jamaa zake, na watoto wake. Mtu peke yake hana nguvu.

Je, ni kweli? Someni mjibu wenyewe. Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni alikikosoa vikali. Paulin Hountondji wa Benin alikataa wazo la kwamba Waafrika wote wana wazo moja walilokubaliana bila hata mmoja wao kulifikiri. Na V. Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi hapa jirani, aliyezaliwa mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alimpima Tempels kwa makini katika kazi zake. Mtu wa Likasi anasomwa katika vyuo vikuu vya dunia, na hapa Katuba kijana hajui jina lake. Hilo linaniuma, nisifiche.

Kwa nini nawaletea ugomvi wa wasomi? Kwa sababu ya kijana wa makala, yaani wa mkaa.

Kijana huyo ni wa mtaa wetu, anauza makala. Anaamka usiku kupokea magunia, anapima, anauza kwa rejareja. Ana akili. Alipata kitabu kimoja cha mafanikio, akakisoma mpaka kurasa zikatoka. Alikuja kwangu, hakukaa hata, akaniuliza: "Mwalimu, kitabu kinasema niachane na watu wanaonirudisha nyuma. Nimefikiri sana. Anayenirudisha nyuma ni mama yangu. Nifanye je?"

Msicheke. Mama yake kila wiki alikuwa na jambo: kilio cha jirani, ada ya mdogo, dawa, mgeni wa kijijini. Na fedha ilitoka wapi? Kwenye sanduku la makala. Mara mbili alishindwa kununua magunia mapya. Kwa hiyo kitabu hakikuwa kinamdanganya kwa kila jambo. Nilimwambia tuchukue daftari, tuchore safu mbili.

Nilichokikuta: andika kila kinachoingia na kila kinachotoka. Nimekikuta, na ni kweli. Yesu mwenyewe katika Luka 14 anasema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Tenga fedha ya biashara na fedha ya bukari, ugali wa nyumbani. Kweli. Usipoteze asubuhi. Kweli. Kijana hakuwa na daftari la mahesabu hata moja. Kwa hilo kitabu kilimsaidia kuliko mahubiri yangu.

Nisichokikuta: mama. Kitabu kizima hakina mama! Kina "watu wanaokuvuta chini", hakina aliyekubeba mgongoni. Hakina mgonjwa. Hakina kilio. Hakina deni unalosamehe. Mwandishi wake aliwazia mtu anayeishi peke yake, katika nchi ambapo ukiugua kuna bima, na ukizeeka kuna pensheni. Sisi bima yetu ni nani? Ni wale wale wanaokuja kuomba kwenye sanduku. Tempels hapo, hata kama alikosea kwingine, anakuuliza swali ambalo kitabu chako hakikukuuliza: ukikata nyuzi zote, nguvu zako zitatoka wapi?

Kijana alirudi nyumbani na kazi ya kufanya: kumwekea mama fungu lake la kila mwezi, linalojulikana, nje ya sanduku la makala. Ni vigumu. Wakati mwingine linapita kiasi. Lakini mama hajaachwa, na magunia yananunuliwa.

Na mniruhusu niwape jambo la kuwafurahisha. Mojawapo ya vitabu vya kwanza vya namna hii vilivyovuma duniani ni cha Samuel Smiles wa Scotland, mwaka 1859, juu ya mtu kujisaidia mwenyewe. Mnajua kilianzaje? Smiles anaeleza katika utangulizi wake. Huko Leeds, Uingereza, vijana wachache maskini waliamua kukutana jioni za baridi wafundishane: ajuaye kusoma amfundishe asiyejua, ajuaye hesabu amfundishe mwenzake. Walipoongezeka wakatafuta chumba. Wakapata kile ambacho hakuna aliyetaka kukipanga, kwa sababu kilikuwa kimetumiwa kulaza wagonjwa wa kolera. Wakakipanga! Mwaka 1845 wakamwita Smiles aje aseme nao, na kutoka katika mazungumzo hayo kikazaliwa kitabu. Kitabu cha kujisaidia mwenyewe kilizaliwa katika chumba cha watu waliosaidiana. Waandishi waliofuata walichukua nusu ya kwanza ya habari, nusu ya pili wakaiacha Leeds.

Sasa neno gumu kidogo. Mafanikio ni nini? Mji huu watu wanaujia kutafuta maisha. Wanakuja kwa ajili ya shaba, kwa ajili ya kobalti, kwa ajili ya biashara ya mpakani Kasumbalesa. Lakini kuna mtu aliyeletwa hapa bila kutaka. Simon Kimbangu, katekista wa Wabatisti, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa kijijini kwake Nkamba mwezi wa 4 mwaka 1921. Mwezi wa 10 mwaka huo huo alihukumiwa kifo. Mfalme wa Wabelgiji akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali na kwao, upande mwingine wa nchi, akafungwa mji huu huu. Alifia hapa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Miaka 30 ya gereza, kwa kazi ya miezi michache.

Sizungumzii mafundisho ya kanisa lenye jina lake. Hayo tunatofautiana nayo na si ya leo. Nauliza tu: katika orodha yenu, ni kitabu gani kingemhesabu mtu yule kuwa amefanikiwa? Kipimo chake kiko ukurasa gani? Gari? Hana. Nyumba? Hana. Uhuru wa kutoka nje kuota jua? Hana. Kama kitabu chako cha mafanikio kikimkuta Kimbangu, kikimkuta Paulo gerezani, kikimkuta Yeremia ndani ya shimo la matope, na hakina la kusema isipokuwa "hawa hawakuweka malengo", basi mwandishi wake hakuwa anaandika juu ya maisha ya watu wa Mungu, hata kama kila ukurasa una aya.

Na Paulo gerezani anaomba nini? 2 Timotheo 4:13: "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi." Anajua wakati wa kufariki kwake umefika, kasema hivyo aya chache juu. Haulizi "vitabu vitanipa nini sasa?" Anaomba joho na vitabu.

Mtaniambia: mwalimu, vitabu ni ghali. Ni kweli. Kitabu kipya mjini kati kinauzwa kwa dola, na dola ile ni unga wa nyumba. Umeme unakatika, na telefone inazimika kabla ya sura kwisha. Sitawaambia ni vyepesi. Nitawaambia habari ya John Bunyan, Mwingereza, fundi wa kuziba sufuria. Alipooa, anasema mwenyewe, yeye na mkewe hawakuwa na sahani wala kijiko. Mke alikuja na vitabu viwili alivyoachiwa na baba yake. Viwili! Walivisoma pamoja. Fundi yule baadaye alifungwa miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa, na mwaka 1678 alitoa kitabu cha safari ya Mkristo kwenda mji wa mbinguni ambacho watu wa lugha nyingi wamekisoma. Akina mama mnaopanga mahari za binti zenu, mnanisikia?

Kwa hiyo hatutangoja kuwa na maktaba. Kamati imekubali hivi. Tutakutana Jumamosi moja katika kila mbili, hapa hapa, saa tisa. Kabla ya mara ijayo kila mmoja asome Yeremia 29 yote, sura nzima, asiniletee aya ya 11 peke yake. Maungamo ya Agostino tunayo nakala moja ya Kifaransa. Kurasa chache za kitabu cha 7 tutazipiga fotokopi, na wanaojua Kifaransa watawasomea wengine kwa Kiswahili. Kisha tutachukua kitabu cha kwanza cha orodha yenu, kile cha namna ya kutajirika, tukisome pamoja sura kwa sura. Sitakicheka. Kila mtu aje na daftari lenye mstari katikati.

Atakayeanza kuchukua Agostino nyumbani aandike jina na namba ya telefone kwa mama katibu kabla ya kutoka, maana vitabu vya kanisa hili vina tabia ya kutembea na kusahau njia ya kurudi.